Kiwanda kidogo cha bia kinakua na watu wake

Ndugu, umeuliza kiwanda kidogo cha bia kitakuaje hapa Uganda bila kuwatupa wanakijiji. Kianzie kwenye nafaka yao. Eagle Lager ya Nile Breweries, iliyoingia sokoni mwaka 2002, ilipikwa kwa mtama wa Epuripur, mbegu iliyotoka kituo cha utafiti cha Serere kule Teso, mashariki mwa Uganda. Serikali ilipunguza ushuru wa bia hiyo, bei ikawa nafuu, na wakulima wadogo wakapata mnunuzi. Nile Breweries ni wakubwa, ndiyo, lakini njia ni hiyohiyo.

Tena ujuzi upo tayari. Mama wa Kiteso anayepika ajono, pombe ya kienyeji ya wimbi, anachachusha unga wa wimbi uliokandwa na maji, anaukaanga juu ya bati hadi ubadilike rangi na kunukia, anauanika, kisha anauchanganya na kimea, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa. Wanywaji wanazunguka chungu kimoja na mirija mirefu yenye kichujio mwishoni, maji ya moto yakiongezwa kila kinapopungua. Mpishi wa namna hiyo mwajiri, mlipe vizuri. Usimwige tu na kumwacha nje, hilo ni dhuluma.

Kwa wakulima: kubalianeni bei kabla ya kupanda, pimeni magunia mbele yao, na lipa siku ya kupokea mzigo. Ukichelewesha malipo msimu mmoja, msimu unaofuata watauzia dalali. Machicha nayo wape wafugaji wa nguruwe walio jirani, yasiozee nyuma ya kiwanda.