Gari linagoma kuwaka asubuhi za baridi: ni betri au alternata?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimehamia Njombe kikazi nikitokea Dar es Salaam, nami nina Toyota ndogo ya petroli. Tangu Juni ianze, nikiwasha gari alfajiri stata inazunguka kwa kujikokota, taa za dashibodi zinafifia, na siku nyingine nasikia mlio mmoja tu kisha kimya. Ikifika saa tano, jua likishachomoza vizuri, gari linawaka bila shida. Betri ina miaka mitatu. Fundi mmoja ameniambia ninunue betri mpya, mwingine anasema alternata ndiyo imekufa. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu msomaji, usimsikilize yeyote kati yao mpaka mmoja wao atakapotoa multimita (kifaa cha kupima umeme) na kupima, kwa sababu dalili ulizozitaja zinaweza kutokana na betri iliyochoka, betri nzima ambayo haijajaa chaji, au terminali chafu (vile vibanio vya waya kwenye betri), na kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Kwanza tuelewane kuhusu baridi. Betri ya gari hutoa umeme kwa mmenyuko wa kikemia kati ya risasi na asidi, na mmenyuko huo hupungua kasi kadiri joto linavyoshuka. Kwenye nyuzi 0 betri hutoa takribani theluthi mbili tu ya nguvu inayoitoa kwenye nyuzi 27. Wakati huohuo oili ya injini huwa nzito, hivyo stata hudai umeme mwingi zaidi saa ileile ambayo betri ina uwezo mdogo zaidi. Hata hivyo, baridi ya Njombe peke yake haiwezi kuiangusha betri yenye afya. Kinachoila betri hasa ni joto, ambalo hukausha maji yake na kuharakisha kutu ya bamba za ndani, na kwa hiyo nadhani betri yako ilianza kuchakaa ikiwa bado Dar es Salaam, ila huko stata haikuwa na kazi ngumu ya kuifichua.

Pima hivi. Gari likiwa limelala usiku mzima, na kabla hujagusa ufunguo, soma volti kwenye nguzo za betri. Betri iliyojaa husoma 12.6 au zaidi kidogo, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 maana yake imebaki na chaji kidogo sana. Ukikuta karibu 10.5, chumba kimoja kati ya sita kimekufa na hapo hakuna matengenezo. Kisha mwenzako apige stata huku ukiangalia multimita: volti zisishuke chini ya 9.6.

Kipimo kinachorukwa na wengi ni cha terminali. Weka ncha moja ya multimita katikati ya nguzo ya risasi yenyewe, na ncha ya pili kwenye terminali iliyoikaba nguzo hiyo, halafu stata ipigwe. Ukisoma zaidi ya volti 0.2, umeme unapotelea hapohapo katika nafasi ya unene wa karatasi, hata kama kwa nje terminali inang'aa. Fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, osha ule unga wa kijani na mweupe kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi kidogo, sugua kwa brashi ya waya, kaza, na paka grisi juu. Kagua pia waya wa hasi pale unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini.

Alternata, yaani jenereta inayochaji betri, hupimwa injini ikiwa inaunguruma, na volti kwenye betri zinapaswa kuwa kati ya 13.8 na 14.7 hivi. Tafadhali usimruhusu fundi achomoe waya wa betri injini ikiwa inafanya kazi ili "kuona kama itazimika". Mtindo huo ulikuwa na nafuu kwenye magari ya zamani. Leo unaweza kuunguza kompyuta ya gari, ambayo bei yake ni betri kadhaa.

Ikiwa betri ilisoma chini ya 12.4, usiihukumu bado. Ichaji taratibu kwa mkondo wa ampia sawa na moja ya kumi ya ukubwa wake, yaani kama 4.5 kwa betri ya ampia-saa 45, mahali penye hewa na pasipo moto wala sigara, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Kama ina vifuniko na maji yamepungua, ongeza maji yaliyokenekwa, kamwe si asidi. Iache ipumzike usiku kucha, kisha rudia vipimo. Ikishika 12.6 na stata ikazunguka vizuri, tatizo ni safari fupi za mjini zisizotosha kuijaza, au kuna kifaa kinachonyonya umeme gari likiwa limezimwa. King'ora au kifaa cha kufuatilia gari kilichofungwa baadaye ndivyo ninavyovishuku kwanza. Gari lililolala halipaswi kula zaidi ya miliampia 50 hivi.

Ikiwa imejaa lakini stata inaishusha chini ya 9.6, hapo fundi wa kwanza alikuwa sahihi. Nunua ya ukubwa ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, na ukiwa humo angalia pia oili inayopendekezwa, maana oili nzito ya 20W-50 kwenye injini iliyotengenezewa nyepesi ya 5W-30 itaitesa hata betri mpya. Dukani omba ipimwe mbele yako: ikisoma chini ya 12.4, imekaa rafuni muda mrefu, chagua nyingine.