Maswali ya wasomaji: "Jambo Bwana" ni wimbo wa nani?

SWALI: Shikamoo shangazi. Naendesha gari la watalii Tsavo. Jioni kambini huwa tunawaimbia wageni "Jambo Bwana", na juzi Mjerumani mmoja akaniambia wimbo huo ni wa Boney M, anaujua tangu utotoni kwao. Marehemu baba alikuwa akituambia ni wa vijana wa Mombasa waitwao Them Mushrooms, na kaseti yao aliitunza kama yai. Sasa kaseti ninayo mimi, lakini haizunguki. Mkweli ni nani? Na hao vijana walikuwa watu gani hata baba awapende vile?
Msomaji, Voi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Baba yako, Mungu amrehemu, alisema kweli tupu. "Jambo Bwana" ni ya Them Mushrooms wa Mombasa, mwaka 1982, na mtunzi wake ni Teddy Kalanda Harrison. Boney M waliuchukua mwaka uliofuata, wakautia Kiingereza na kubakisha vijineno vya Kiswahili. Mgeni wako naye hakudanganya, kwa maana huo ndio alioukuta kwao. Wapo na wengine wa hapa hapa waliouimba, Mombasa Roots na Safari Sound Band, kwa hiyo tazama jina lililoandikwa kwenye hiyo kaseti kabla hujaapa mbele ya mtu.

Hilo la pili ndilo lililonikalisha jana usiku hadi chai ikapoa.

Mwaka 1981 nilikuwa na miaka 19 na nilipata kazi ya kufanya vyumba katika hoteli moja ya ufuoni, Pwani Kaskazini. Nyumbani ni Majengo. Daraja jipya la Nyali lilikuwa limefunguliwa mwaka mmoja tu nyuma, na sisi tuliozoea lile la zamani, lililoelea juu ya maji, tulikuwa bado tukichungulia dirishani kwenye matatu kila tulipovuka, kana kwamba tumepanda ndege. Kazi ilikuwa kutandika, kudeki, kubadilisha taulo, na jioni kurudi tena chumba kwa chumba kuteremsha vyandarua. Zamu ya jioni hakuna aliyeitaka. Mimi niliiomba, tena nikawa nawabadilisha wenzangu siku zao za mapumziko ili niipate, kwa sababu usiku wa bendi ukumbi wa makuti ulikuwa njiani kwangu.

Mfanyakazi hakuruhusiwa kusimama ukumbini kama hana alichobeba. Basi sikukosa cha kubeba. Nilikuwa na taulo sita nyeupe nilizozikunja vizuri, hazikuwa za chumba chochote, nazikumbatia kifuani, nasimama kando ya nguzo ya mkoko upande wa jikoni. Nguzo ile ilikuwa nene kama paja, imelainika kwa migongo ya watu. Gitaa la besi likianza, nilikuwa nikiweka kiganja juu yake, na besi ilipanda kutoka kwenye sakafu, ikapita ndani ya mti, ikaniingia mkononi hadi kwenye kiwiko. Hadi leo nikisikia besi ya reggae, kiganja changu cha kulia ndicho kinachosikia kwanza. Naandika haya na nakikunja na kukikunjua.

Mushrooms ni ndugu wa tumbo moja: Teddy Kalanda, Billy Sarro, George Zirro, John Katana na Dennis Kalume. Hayo Katana na Kalume ni majina ya Kimijikenda, majina ya jirani zetu, na usidhani hilo lilikuwa jambo dogo kwetu. Redio ilikuwa imejaa lingala kutoka Kongo na benga kutoka Nyanza, nazo tulizipenda, lakini jukwaani kumwona mtu anayeitwa kama binamu yako, ameshika gitaa la umeme, anaimba Kiswahili kinachosemwa Kisauni! Bendi ilikuwapo tangu 1969. Waliitwa bendi ya hoteli, maana watalii walitaka nyimbo za kwao na wao waliwapigia. Ila muziki wa kwao hasa ulikuwa mwingine. Walipiga reggae wakati ambapo vijana wa Mombasa tulikuwa tumemlilia Bob Marley, aliyefariki Mei ya mwaka ule ule nilioanza kazi, na wao hutajwa kuwa ndio waliorekodi reggae ya kwanza Afrika Mashariki. Tena walipiga chakacha. Chakacha, mwanangu, ni ngoma ya wanawake, ya uani, leso imefungwa kiunoni na mlango umefungwa. Mama yangu alipoisikia kwenye kaseti kwa mara ya kwanza, imetiwa magitaa na ngoma za kizungu, alisonya, akasema hawa watoto wametoa siri nje. Halafu akaniambia niirudishe nyuma. Nikairudisha mara tatu.

Sasa huo wimbo wenu wa kambini. Ni kweli ulitungwa kwa ajili ya wageni, ili wajifunze maneno mawili matatu huku wakicheza, na kwa sababu hiyo wapo watu wa mjini wanaouonea haya, wanasema ni wa kuuzia vinyago. Mimi siwaungi mkono hata kidogo. Mara ya kwanza kuusikia nikiwa nimesimama kwenye nguzo yangu, niliganda. Yale maneno yalikuwa siku yangu ya kazi! Nagonga mlango saa tatu asubuhi, mgeni ananifungulia na kikaratasi mkononi, anasoma, "Jambo." Namjibu. Anasoma, "Habari gani?" Namjibu. Mlango wa pili, vivyo hivyo. Vyumba 14 kwa siku, siku sita kwa wiki. Nilikuwa nimechoka na maneno yale kama mtu anavyochoka na wali mkavu. Halafu akatokea kijana wa kwetu akayaokota yale yale, sakafuni pale tulipokuwa tukiyafagia, akayatia sauti, na ukumbi mzima ukasimama. Niliangalia upande wa jikoni nikaona wapishi wametoka na vyano mikononi, dobi naye yupo, wote tunaangaliana. Hakuna mtalii aliyejua kwamba wimbo ule ulikuwa unatuhusu sisi.

Mwaka huo huo wa wimbo, 1982, Jumapili ya tarehe 1 Agosti, redio iliamka ikisema serikali imepinduliwa. Sauti ilikuwa ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, ambaye tulimzoea kwa mambo mengine kabisa, na baadaye tukajua kwamba askari walimchukua wakamlazimisha kusoma. Mimi nilikuwa tayari kazini. Mama mmoja wa makamo, mgeni wa chumba cha mwisho kwenye ujia, alinishika mikono yote miwili akaniuliza kwa macho, maana lugha hatukuwa nayo. Sikuwa na habari zaidi ya zile alizozisikia yeye. Kaka yangu alikuwa Nairobi. Nikamwambia, "Hakuna matata, mama." Ndilo neno la Kiswahili alilokuwa akilijua, na alilijua kutoka ule ukumbi wa makuti. Akakaa kitandani. Nikakaa naye, jambo lililokatazwa kabisa, mpaka mikono yake ikaacha kutetemeka, na yangu pia. Kaka alitupigia simu Jumanne, kwa jirani.

Kwa hiyo mtu akiniambia ni wimbo mwepesi, namwacha apite.

Mwaka 1987 bendi ilihamia Nairobi. Nilinuna kama niliyeachwa na mchumba, ingawa nilijua kazi ipo huko. Huko ndiko Kenya nzima ilikowajua. Waliwaita na wakubwa wetu waliokuwa wanasahauliwa, Fundi Konde mmojawapo, na Malika wa taarab, wakapiga nao. Kwa hilo la Fundi Konde nawashukuru kuliko "Jambo Bwana", maana mzee yule alikuwa ameimba enzi za babu zetu na vijana wengi walidhani ameshakufa. Baadaye wakajiita Uyoga, jina lile lile kwa Kiswahili. Mimi nimebaki na Mushrooms, ulimi umeshazoea. Septemba 2024 redio ilitangaza kwamba Teddy Kalanda amefariki. Nilikuwa nakuna nazi. Nilizima jiko, nikatoka nje, nikakaa kibarazani mpaka mjukuu akaja kuuliza kama tunakula au hatuli.

Kuhusu kaseti: usiilazimishe kwenye redio, itakatika. Chukua biro ya plastiki yenye pembe, itie kwenye tundu, uizungushe taratibu kwa mkono kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha urudishe. Mara nyingi utepe umegandana kwa joto tu. Ukiona doa jeupe la unga juu ya utepe, huo ni ukungu, usiicheze mahali popote, mpelekee fundi aliyebaki. Na kama ganda ndilo lililopinda, nunua kaseti yoyote iliyofungwa kwa skrubu, ifungue, umtoe aliyemo, umhamishie huyu wako na magurudumu yake yote mawili. Angalia kile kisponji kidogo nyuma ya utepe, kikiwa kimebanduka sauti inakuwa kama ya mtu mwenye mafua. Ikishacheza, icheze mara moja tu, huku waya umetoka kwenye tundu la spika za masikioni kwenda kwenye kompyuta. Lile ganda la zamani usilitupe. Kama baba aliandika kitu kwa mkono wake, niandikie uniambie aliandika nini.

SWALI: Dada yangu, kwa heshima zote. Nafundisha Kiswahili sekondari. Kila mwaka wanafunzi wananijibu "habari gani" kwa "mzuri sana", na nikiwasahihisha wananiambia ndivyo wimbo unavyosema. Hamwoni mliwaharibia watoto wetu lugha?
Mwalimu, Tanga

JIBU: Mwalimu, ukweli ni wako. Habari ni nzuri, ngeli haina ubishi, na "jambo" peke yake si salamu nyumbani kwetu wala kwenu. Tunasalimiana hujambo, sijambo. Lakini "mzuri" hatukuupata kwa Mushrooms. Huku Kenya utamsikia kondakta akijibu hivyo, na mama wa sokoni, na mchungaji kanisani, kila mmoja akijisemea nafsi yake kwamba yeye ndiye mzuri. Wimbo uliokota maneno yalivyokuwa mdomoni mwa watu.

Ila naomba uwasomee wanafunzi mstari unaofuata, wageni wanapokaribishwa. Hausemi "mnakaribishwa". Unasema "mwakaribishwa". Hicho ni kitenzi cha watu wa Pwani, -a- yetu ile ile unayoikuta kwenye tenzi, na bibi zangu hawakusema vinginevyo maisha yao yote. Kimeimbwa na Wajerumani, Waitaliano na Wajapani waliokuwa hawajui hata kuomba maji. Wape watoto hilo neno walichambue ubaoni: mw-, -a-, karibi-, -sh-, -w-, -a. Nimewahi kumsikia mtoto wa Kizungu wa miaka 6, kwenye ngazi za hoteli, amebeba ndoo yake ya mchanga, analitamka sawasawa bila kukosea herufi hata moja.