"Red rag" siyo "red flag"

Msomaji anauliza hivi: bosi wake Mwingereza kamwambia kumtajia mhasibu habari za ovataimu ni "like a red rag to a bull", neno kwa neno "kama kitambaa chekundu kwa fahali", yeye akaelewa kwamba ovataimu ni dalili mbaya, kama zile "red flag" watu wanazozisema kwenye mahusiano. Je, yuko sahihi?

Hapana ndugu yangu, hapo umechanganya, na nakuelewa kabisa maana hayo maneno mawili yanafanana masikioni na kuna Waingereza na Wamarekani wanaoutamka huo msemo huohuo kwa "flag", sasa mtu ataachaje kuchanganyikiwa. We angalia mwisho wa sentensi. Ukimkuta fahali pale ujue ni habari ya hasira, bosi alikuwa anakwambia hilo neno ukilitaja tu yule mhasibu mori unampanda.

Picha yenyewe ni ya mchezo wa ng'ombe wa Hispania, kile kitambaa chekundu kinachotolewa mwisho mwisho, wenyewe wanakiita muleta. Ila ng'ombe wala haoni wekundu vizuri kama sisi, kinachomkera ni kitambaa kuchezeshwa mbele yake, ndo maana hata lile joho la mwanzo la rangi ya waridi na njano analivamia vilevile. Wapemba nao mchezo wa ng'ombe wanao, hawahitaji kuelezwa fahali anachokozekaje.

Sasa hapa ndo nataka unisikilize vizuri. Msemo huu unakitaja kile kinachowasha hasira, haumsemi mtu wala nia yake, yani unaweza kuulizia ovataimu kwa roho safi kabisa na bado ikawa ndo hiyo "red rag". Kwa hiyo tafsiri ya "kuchezea sharubu za simba" mi siikubali japo inavutia, maana anayezishika sharubu za simba anajua anachofanya, huyo ni mchokozi, mpelekee "poke the bear", yani kumchokoza dubu kwa makusudi. Na "kitambaa chekundu kwa fahali" usiiandike kabisa, msomaji atabaki anajiuliza kitambaa cha nini.

Mi ningeandika tu "ukimtajia ovataimu anapandwa na mori", na kama kuna maumivu ya zamani, labda aliwahi kudhulumiwa hela zake, hapo "unamtonesha kidonda" inakaa vizuri zaidi.