Maswali ya Wasomaji: Kupanda Limuru, Kushuka Mai Mahiu

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa vikundi vinavyotaka kuondoka Nairobi alfajiri kwa baiskeli, kuzunguka milimani, na kulala nyumbani siku hiyo hiyo. Tumechagua tano.

Gia zitatosha?

*Tuko 11, tunataka kupanda Limuru kwa njia ya Ruaka, Banana na Tigoni. Wawili wetu wana baiskeli za mashindano za mitumba: mbele sproketi za meno 53 na 39, nyuma ile kubwa kabisa ni meno 25. Fundi anasema mtu akiwa na nguvu, gia si hoja. – Msomaji, Umoja*

Fundi wenu angekuwa sahihi kama mlima ungekuwa wa mita mia mbili. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Limuru imepita 2,200, na katikati barabara inateremka mabondeni na kupanda tena. Jumla ya kupanda itazidi hiyo tofauti.

Pigeni hesabu. Kwa 39 mbele na 25 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali unasogeza baiskeli mita 3.3 hivi. Ili miguu izunguke mara 60 kwa dakika, lazima mwendo uwe karibu kilomita 12 kwa saa. Kwenye mwinuko mkali huo ni mwendo wa mtu aliyezoea. Asiyezoea atashuka hadi mizunguko 40, kila kanyago likigeuka kazi ya magoti, na magoti hayasubiri kesho kudai haki yake.

Tafuteni kaseti, yaani fungu la sproketi za nyuma, yenye sproketi ya meno 32. Hapo mzunguko mmoja unakuwa mita 2.6 hivi, na mizunguko 60 inadai kilomita 9 tu kwa saa. Idadi ya sproketi ilingane na swichi ya gia: kama ni ya 9, kaseti iwe ya 9. Tahadhari iko kwenye ule mkono wa gia wa nyuma wenye vigurudumu viwili. Kwenye baiskeli nyingi za zamani za mashindano ni mfupi na hauwezi kumeza sproketi kubwa hivyo, kwa hiyo itabidi mnunue mrefu. Cheni nayo yaweza kuwa fupi. Kabla ya kuondoka kwa fundi, inueni gurudumu la nyuma, zungusheni pedali kwa mkono polepole, mkipeleka cheni kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma kwa pamoja. Mkono ukinyooka wote na cheni ikakaza kama kamba ya kuanikia nguo, simameni hapo hapo, muongeze pingili. Mkilazimisha barabarani, mkono utavutwa kwenye spoki, na hilo halitengenezeki pembeni ya shamba la chai.

Wenye baiskeli za milimani zenye sproketi tatu mbele, ile ya ndani ya meno 22, wasichekwe. Watafika wakiwa wanaongea.

Cheni mpya inaruka

*Nimefunga cheni mpya juzi kwa ajili ya safari ya Ngong. Tambarare iko sawa, lakini nikikanyaga kwa nguvu mlimani inaruka, kata-kata-kata. Niliuziwa mbovu? – Msomaji, Rongai*

Huenda cheni ni nzima na sproketi ndizo zimekwisha. Cheni ya zamani ilipochakaa ilirefuka, ikayala meno yakafuata urefu wake, sasa cheni mpya haikai. Mtaona inaruka kwenye sproketi mbili tatu ulizopenda kutumia, zile ambazo hukuzigusa zinashika vizuri. Dawa ni kubadilisha kaseti.

Safari nyingine pima mapema kwa rula ya inchi 12. Weka sifuri katikati ya pini moja. Cheni ikiwa mpya, inchi ya 12 inaangukia katikati ya pini nyingine. Pini hiyo ikipita alama kwa 1/16 ya inchi, badilisha cheni tu. Ikifika 1/8, andaa pesa za vyote viwili. Na usijaribu cheni mpya kwa mara ya kwanza kwenye mlima umesimama juu ya pedali: ikiruka, kifua kinakutana na usukani.

Tairi lilipasuka kwenye mteremko

*Tulikuwa tunateremka kwenda Mai Mahiu, mwenzetu akashika breki ya nyuma njia nzima kwa sababu ya malori. Tairi likapasuka kama bunduki. Fundi alisema tyubu ilikuwa ya bei rahisi. Ni kweli? – Msomaji, Kikuyu*

Tyubu inaweza kulaumiwa, lakini moto ulitoka mahali. Mtu na baiskeli wa jumla ya kilo 85 wakiteremka mita 300 za wima, breki zikiubeba mwendo wote, zitapokea joto la kutosha kuchemsha lita moja kasoro ya maji, yaani chai ya watu watatu. Sehemu kubwa huchukuliwa na upepo ukienda kasi. Ukienda polepole huku umebana mfululizo, upepo ni mdogo na joto linabaki kwenye rimu.

Tazameni ile tyubu kama bado mnayo. Tundu likiwa upande wa ndani, unaoelekea rimu, utepe unaofunika matundu ya spoki ulilainika au ulisogea, na tyubu mpya itapasuka vilevile msipouweka mwingine wa kitambaa unaobana. Ukiona mpasuko mrefu, tairi lilinyanyuka ukingoni mwa rimu, mara nyingi kwa upepo uliojazwa kupita kiasi au tairi lililokaa vibaya. Mtu wa kilo 70 kwenye tairi la milimita 28 anatosheka na 65 hadi 75 psi. Hakuna haja ya kujaza mpaka 110 kisa pampu ya petroli stesheni ina nguvu.

Breki zenyewe: bana kwa nguvu kabla ya kona ukiwa umenyooka, breki zote mbili, ya mbele ikibeba zaidi, kisha achia kabisa rimu ipoe. Ndani ya kona usibane, pedali ya nje iwe chini. Kama tayari mnanusa mpira unaoungua, simameni. Pale juu wanapouza ngozi za kondoo, pa kutazama Bonde la Ufa, ni kituo kizuri cha kupoza. Usiguse rimu kwa kidole. Dondoshea tone la maji, likichemka na kulia, subiri.

Nyumbani, toeni mipira ya breki muikague: vipande vya alumini vinavyong'aa ndani yake vitolewe kwa sindano, la sivyo vinakula rimu. Uso ukiwa umeng'aa kama kioo, upigwe msasa.

Malori hayo ya Mai Mahiu, kwa maoni yetu, ni sababu ya kundi geni kutafuta mteremko mwingine.

Mmoja anabaki nyuma kila mara

*Tuko 14. Tukimngoja tunachelewa, tukimwacha anakasirika. – Msomaji, Kahawa West*

Ana haki ya kukasirika kama mnafanya wanavyofanya wengi: mnapumzika dakika kumi mkimngoja, akifika tu mnapanda baiskeli. Aliyechoka zaidi ndiye hapati mapumziko. Dakika tano zihesabiwe kuanzia yeye anapoweka mguu chini.

Mlimani msijaribu kwenda pamoja. Chini ya kilomita 15 kwa saa kujificha upepo nyuma ya mwenzako hakusaidii sana, na kila mtu ana mwendo wake. Kila mmoja apande kivyake, mkutane juu, nje ya lami. Gawanyikeni makundi mawili ya saba, mstari mmoja mmoja, magari yapate nafasi ya kuingia katikati. Mtu wa mkia awe miongoni mwa wenye nguvu, abebe pampu, na asimpite yeyote. Kila njia panda abaki mtu mpaka mkia ufike.

Ratiba pia ihesabiwe kwa huyo wa mwisho. Kwa mgeni, mita 400 za kupanda kwa saa ni kazi ya kutosha. Giza huingia saa moja jioni mwaka mzima, kwa hiyo ondokeni saa kumi na mbili asubuhi. Julai bebeni koti la upepo: Limuru ina ukungu na baridi, na jasho la kupanda linageuka barafu dakika mbili baada ya kuanza kuteremka.

Halafu muulizeni amekula nini. Aliyetoka na chai kavu huishiwa baada ya saa mbili, na mara nyingi shida ni tumbo, miguu haina kosa. Gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa: ndizi moja ina 25 hivi, chapati 35 au zaidi. Ale kabla njaa haijauma. Maji, nusu lita hadi lita kwa saa, na chumvi kidogo jua likiwa kali.

Tubebe nini?

*Kwa watu kumi, bila kubeba gereji. – Msomaji, South B*

Kila mtu tyubu moja ya saizi yake. Kundi: pampu mbili (moja hufa), viraka, vibanuo vitatu vya tairi, funguo za pembe sita za milimita 4, 5 na 6, kitoa pini cha cheni, pingili ya kuungia, mikanda ya plastiki ya kubana, glavu, na bandeji. Chukueni pia pakiti tupu ya maziwa, iliyooshwa. Tairi likichanika ubavuni, tyubu hutokeza kama puto na kupasuka. Kunja pakiti mara mbili, iweke kati ya tairi na tyubu ikifunika mchaniko kwa sentimita mbili kila upande, jaza upepo pungufu kidogo, uende nyumbani taratibu.