Kupanga safari ya msitu wa Amani bila kampuni ya utalii

Mara ya kwanza nilipanda Amani mwezi wa Aprili. Nilikuwa na likizo ya siku nne, nauli, na simu yenye ramani, nikaona yanatosha. Usiku wa pili mvua ikaporomosha udongo barabarani, magari yakasimama, nikachelewa kurudi kazini siku mbili. Nimerudi huko mara mbili tangu hapo, na kila anayeniuliza namna ya kwenda humwambia ashike kalenda kabla ya kuhesabu pesa.

Amani iko Usambara Mashariki, wilayani Muheza, mkoa wa Tanga. Milima ile iko karibu na bahari, kwa hiyo upepo wa Bahari ya Hindi huifikia ungali na unyevu wake wote. Kwa mwaka hunyesha karibu milimita 2,000. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na hata nje ya misimu hiyo usishangae kulowa. Mimi sasa huchagua Januari na Februari, au Agosti na Septemba. Ukienda Agosti beba sweta. Watu wa Dar es Salaam hawaamini kwamba Tanga kuna baridi mpaka wailale.

Usafiri nao una saa zake. Basi la kwenda Tanga litakushusha Muheza, na hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu wanadhani gari la Amani lipo muda wote. Magari ya kule yanafuata maisha ya wanakijiji: alfajiri yanashuka na watu wanaokuja sokoni na hospitali, mchana yanapanda nao. Nililopanda mimi liliondoka saa nane. Kwa hiyo toka Dar na basi la kwanza kabisa, ufike Muheza kabla ya adhuhuri, ule, utoe pesa taslimu za kutosha safari nzima, maana juu hakuna benki na mtandao wa simu unakuja na kuondoka. Bodaboda zipo, ila kupanda zile kona na begi mgongoni barabara ikiwa na utelezi sikushauri hata kidogo.

Usipange kwenda na kurudi siku moja. Lala angalau usiku mara mbili. Safari ya pili nilikwenda na mtoto wa dada yangu, ana miaka kumi na moja, na saa ya kwanza msituni aliniuliza, "Mama mdogo, wanyama wako wapi?" Lilikuwa swali la haki. Tumezoea mbuga, ambako unakaa garini na tembo anasimama mbele yako. Msituni unasikia kwanza, unaona baadaye, na mara nyingi unachokiona ni kidogo kuliko kidole.

Ndiyo maana nasisitiza mwongozaji wa pale pale, hata kama umesafiri kwa kujitegemea. Utampata kwenye ofisi ya hifadhi, ama Zigi chini ama Amani juu, unapolipa kiingilio. Beba kitambulisho cha taifa, kwa sababu kiingilio cha Mtanzania ni tofauti kabisa na cha mgeni. Mwongozaji wetu alikuwa mzee wa Kisambaa, na dakika kumi za kwanza aliniambia, "Dada, ukienda haraka utaona kisogo changu tu." Tukapunguza mwendo. Akatuonyesha mbega juu ya mti ambao tungeupita hivi hivi. Akatufundisha mlio wa mabawa ya hondohondo, unaovuma kama pumzi nzito hata kabla hujamwona ndege mwenyewe.

Hondohondo hao wana habari yao. Kuna mti uitwao msizi, ulioletwa Amani kutoka kwingine na sasa umeenea msituni hasa palipokatwa miti zamani. Hondohondo hula matunda yake na kuzitawanya mbegu. Nilisimama pale nikitazama ndege ninayempenda akieneza mti unaochukua nafasi ya miti ya asili, na tangu hapo siutazami msitu kama ukuta mmoja wa kijani.

Omba pia matembezi ya usiku. Kama una nafasi ya jambo moja tu, chagua hilo. Vinyonga wakilala rangi yao hupauka, na tochi ikiwapiga wanang'aa juu ya majani. Kwa saa moja na nusu tulihesabu tisa, mmoja akiwa na pembe tatu puani. Mtoto wa dada yangu, ambaye kwao kinyonga ni kiumbe wa kuogopwa, alisimama mbele yake muda mrefu bila kusema neno.

Mchana pita bustani ya mimea. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti Amani mwaka 1902 na kupanda miti kutoka pembe nyingi za dunia. Hifadhi yenyewe ilitangazwa 1997, ya kwanza ya mazingira asilia nchini. Kwenye miamba yenye kivuli na maji tafuta ua dogo la zambarau ambalo Ulaya wanalifuga madirishani tangu lilipochukuliwa Tanga miaka ya 1890. Usilichume, tafadhali. Lina sehemu chache mno za kuishi porini.

Kuhusu mizigo: gambuti kuliko raba, soksi ndefu za kuchomekea suruali kwa ajili ya siafu, koti la mvua, tochi ya kichwani, na nguo moja kavu ambayo huigusi mpaka wakati wa kulala. Ifunge mbali na nyingine, kwa sababu huko nguo ikilowa haikauki. Malaria usiipuuze kwa kuwa kuna ubaridi. Muheza imefanyiwa utafiti wa malaria kwa miaka mingi, na haikuchaguliwa bure. Lala ndani ya chandarua. Nunua iliki kwa wanakijiji, ni nzuri na bei ni ya shambani.

Jioni ya mwisho mtafute konda kabla hajalala, umwambie mko wangapi na mtasimama wapi. Gari linashuka kungali giza na halirudi nyuma kumfuata mtu. Ukiwahi siti ya dirishani, kaa upande wa bondeni: chini ya Amani, kukianza kupambazuka, utauona Mto Zigi ukitokeza kati ya miti, maji yale yale yanayokwenda kunywewa Tanga mjini, na kufika Muheza kumekucha na wauza machungwa wameshapanga mafungu yao.