Upinde uliopasuka mgongoni hauponi kwa mafuta

SWALI: Fundi, nilichonga upinde wa mkole kwa panga, kisu na randa, nikaupiga randa pande zote ukawa laini. Nilipouvuta, kibanzi kikainuka mgongoni. Rafiki yangu anasema niupake mafuta ya shea na kuuzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Nipake mara ngapi? (Msomaji, Arua)

JIBU: Usipake hata mara moja, ndugu yangu. Mafuta hupunguza unyevu unaoingia kwenye mti. Hayaungi nyuzi zilizokatika. Mpira nao utauficha ufa tu. Tafuta kipande kingine.

Kosa lako ndilo ninaloletewa kila mara: kulainisha mgongo. Upinde ukivutwa, mgongo, yaani upande unaoelekea shabaha, hutanuka. Tumbo, upande unaokutazama wewe, hubanwa. Nyuzi za mgongoni zikiwa nzima tangu ncha hadi ncha, zinastahimili. Randa inazikata njiani, na zilipokatwa ndipo ufa unapoanzia. Toa gome polepole kwa kisu butu, kisha uache kila kinundu na kila bonde kama mti ulivyoota. Wanunuzi wanapenda mgongo unaong'aa, na mafundi wanawaridhisha. Inaniudhi sana! Punguza unene kutoka tumboni peke yake.

Hata huko, taratibu. Ukipunguza unene kwa asilimia 10, zaidi ya robo ya ukakamavu wa mahali hapo imeondoka. Panga litoe umbo la kwanza tu. Baada ya hapo ni tupa na kipande cha kioo. Kwangua, pinda kidogo, tazama mkono upi wa upinde umekaza, kwangua palepale.

Halafu wapo wanaowashauri vijana wakaushe mti mbichi juu ya meko ili upinde uwe tayari jioni. Nje husinyaa kabla ya ndani, mti ukapasuka. Pasua gogo, paka rangi kwenye ncha zake, lilaze kivulini miezi kadhaa. Hakuna chupa ya "dawa ya upinde" inayofupisha miezi hiyo, na anayekuuzia hatakuwepo upinde utakapokatika umevutwa wote, vipande vikamrukia usoni aliyeushika.

Wazazi, kabla ya kumpa mtoto upinde wowote, pitisheni pamba mgongoni tangu ncha hadi ncha. Ikinasa popote, msimpe.