Haibridi ya kwanza: soma digrii kabla ya namba

Ewe unayeanza gofu, kabla hujaenda dukani kutafuta haibridi, yaani fimbo inayochanganya umbo la fimbo ya chuma na la fimbo ya kichwa kinene, kwanza kague begi lako. Nenda uwanja wa mazoezi, upige fimbo zako za chuma kuanzia namba 9, kisha 8, 7, 6, 5. Mahali fulani utaona mpira umegoma kuongeza umbali: namba 5 inatua palepale inapotua namba 6, tena ukiwa umepita chini chini. Fimbo hiyo ndiyo ya kuondoa, na nafasi yake ichukuliwe na haibridi. Moja tu kwanza. Sheria inaruhusu fimbo 14, lakini hakuna anayekulazimisha kuzijaza.

Fimbo ndefu ya chuma ina uso uliosimama na kichwa chembamba, kwa hiyo inadai kasi ambayo wanagenzi wengi hawajaipata. Haibridi imewekewa uzito chini na nyuma ya kichwa, hivyo mpira hupanda hata usipougusa sawasawa. Kwenye nyasi ndefu utaipenda zaidi. Chuma hunaswa na nyasi shingoni, uso ukageuka na mpira ukaenda kombo. Kichwa cha haibridi hupenya na kuteleza.

Sasa namba. Usiiamini sana. Kinachopeleka mpira ni digrii, yaani jinsi uso wa fimbo ulivyolala nyuma, na kampuni hazikubaliani: namba 4 ya huyu inaweza kuwa digrii 21, ya yule 23. Geuza fimbo usome chini yake au shingoni. Pasipoandikwa, muulize muuzaji. Kumbuka pia kwamba mpini wa haibridi kwa kawaida ni mrefu kidogo kuliko wa chuma chenye namba ileile, kwa hiyo hupeleka mpira mbali zaidi. Ijaribu kwa kuipiga. Ikizidi chuma chako kirefu kinachokutii kwa yadi 10 hadi 15, hiyo inakufaa. Ikizidi kwa 30, umeacha pengo ambalo litakusumbua kila mzunguko.

Mpini mgumu usiuchukue kwa sababu rafiki yako anautumia. Kama huzungushi kwa kasi, chagua unaopinda kwa urahisi.

Wapo watakaokuambia haibridi ni ya wasiojua. Mwaka 2009, kwenye shimo la mwisho la mashindano ya PGA huko Hazeltine, Marekani, Y.E. Yang wa Korea Kusini alishika haibridi, akaurusha mpira hadi karibu na shimo, akamshinda Tiger Woods.

Ukiipiga, weka mpira mbele kidogo ya katikati ya miguu, upige kwa kushuka kama unavyopiga chuma, usijaribu kuuchota.

Na kabla ya kulipa, iweke fimbo chini, usimame kama unataka kupiga, utazame uso wake. Nyingine zimetengenezwa zikiwa zimefumba kidogo kuelekea kushoto, ziwasaidie wanaopoteza mipira kulia. Kama unatumia mkono wa kulia na mipira yako tayari inakwenda kushoto, hiyo iache hapo dukani.